Mzazi na wilaya ya shule Marekani: mwongozo kamili wa kuzijua programu zako, kuingia na kusikilizwa

Mzazi aliyekulia Afrika Mashariki au Kongo akiona namba ya shule kwenye simu, wazo la kwanza huwa moja: huyu mtoto kafanya nini tena? Kule tulikolelewa, mzazi huitwa shuleni kukiwa na kesi au mchango. Siku nyingine zote, kumwachia mwalimu afanye kazi yake ndiyo adabu.

Marekani hesabu imegeuzwa. Ukikaa kimya, shule haioni heshima, inaona mzazi asiyejali au aliyeelemewa na kazi, na baada ya miezi michache inaacha kukutafuta. Huku wilaya nyingi za shule zina madarasa ya wazazi, wakalimani, watu wa kutembelea familia nyumbani na kamati zenye viti vilivyotengwa kwa ajili ya wazazi. Sehemu ya mambo hayo wanayafanya kwa sababu sheria inawalazimisha, na pesa yake ilishatengwa. Lakini hayamfuati mtu mlangoni. Humfikia aliyeomba, na aliyeomba kwa maandishi humfikia mapema zaidi.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mzazi au mlezi anayezungumza Kiswahili na mwenye mtoto katika shule ya umma ya Marekani. Ukiufuata kwa mpangilio ni vizuri, lakini kama tayari una tatizo mkononi, anza na sehemu inayokuhusu.

Kwanza, fahamu unashughulika na nani

Wilaya ya shule si wilaya ya serikali kama tunayoijua sisi. Ni chombo kinachojitegemea, chenye bajeti yake, bodi yake (mara nyingi huchaguliwa kwa kura), na msimamizi mkuu anayeajiriwa na bodi hiyo. Nchi nzima ina wilaya zipatazo 13,000. Hawaii ni wilaya moja jimbo zima. Kwingine mji mmoja unaweza kugawanywa kwenye wilaya kadhaa, hivyo jirani wa mtaa wa pili akawa na sheria tofauti na zako kabisa. Ndiyo maana ushauri wa ndugu aliyeko jimbo lingine, hata akiwa na nia njema, uupime kwanza.

Kuna ngazi tatu za kuzikumbuka. Shuleni yupo mwalimu, mkuu wa shule, mshauri wa wanafunzi, na mara nyingi afisa uhusiano wa familia. Wilayani kuna ofisi ya familia na jamii, ofisi ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, ofisi ya elimu maalumu, na juu yao msimamizi mkuu na bodi. Halafu kuna idara ya elimu ya jimbo. Mwalimu hana uwezo wa kukuongezea basi la shule, na bodi haitakaa kujadili kazi ya nyumbani ya Jumanne. Watu wengi hupoteza wiki nzima kwa kumlalamikia mtu asiye na mamlaka juu ya jambo lenyewe.

Mtu wa kumtafuta mapema ni huyo afisa uhusiano wa familia. Piga simu ofisi ya shule, uliza kama yupo, chukua jina lake na namba yake. Kwenye miji yenye wakimbizi wengi, wilaya nyingine zimeajiri watu wanaozungumza Kiswahili kwa kazi hii.

Title I: pesa iliyokwisha kutengwa

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole, kwa sababu ukiielewa hutaomba tena kama mtu anayeomba msaada.

Mwaka 1965 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu ya msingi na sekondari, na sehemu yake inayoitwa Title I hupeleka pesa za serikali kuu kwenye shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015 na kupewa jina la ESSA. Ndani yake, kifungu cha 1116 kinahusu wazazi tu. Wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya kushirikisha wazazi na familia, na asilimia 90 ya fungu hilo lazima ifike shuleni, isiishie ofisi kuu. Chukua wilaya inayopata dola milioni 10. Fungu la wazazi ni dola 100,000 kwa uchache, na 90,000 kati ya hizo ni za shule zenyewe.

Pamoja na pesa kuna wajibu. Kila shule ya Title I inatakiwa kuitisha mkutano wa wazazi kila mwaka kueleza mpango huo ni nini na haki zenu ni zipi. Inatakiwa pia kuweka mikutano kwa saa tofauti, ya asubuhi na ya jioni, ili anayefanya kazi zamu ya usiku asiachwe. Sheria inaruhusu pesa hiyo ilipie usafiri, malezi ya watoto wakati wa mkutano, na ziara za nyumbani. Shule na wazazi wanaandika pamoja sera ya ushirikishwaji, na mkataba unaosema shule itafanya nini, mzazi atafanya nini na mwanafunzi atafanya nini. Ile karatasi uliyosaini Septemba bila kuisoma huenda ndiyo mkataba wenyewe. Wazazi wasiporidhika na mpango wa shule, maoni yao yanapaswa kuambatanishwa mpango unapopelekwa wilayani.

Kwa hiyo fanya hivi. Uliza ofisini kama shule ni ya Title I. Kama ni ya Title I, omba nakala ya sera ya ushirikishwaji wa wazazi na mkataba, ukiomba na tafsiri. Uliza tarehe ya mkutano wa mwaka. Kisha uliza swali ambalo wazazi wachache huuliza: fungu la wazazi la mwaka huu limetumika kwa nini? Usiulize kwa ukali. Sauti ya mtu anayejua kwamba kuna fungu inatosha.

Na kama tatizo lenu ni malezi ya watoto wadogo au usafiri, liseme wazi kwenye mkutano huo. Nimeona wazazi wakikosa mkutano mwaka mzima kwa sababu ya mtoto wa miaka miwili, wakidhani kumtafutia mlezi ni aibu yao binafsi. Hilo ni jambo ambalo sheria yenyewe ililiwaza.

Lugha: dai mkalimani, na usimtumie mtoto

Ulipomwandikisha mtoto ulijaza fomu inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wengine huandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto kuwekwa darasa la nyuma. Usifanye hivyo. Jibu la kweli humpa mtoto haki ya kupimwa na kusaidiwa. Mara nyingi kuna swali la pili kuhusu lugha ambayo mzazi mwenyewe angependa kuandikiwa na kuzungumziwa, na hilo ndilo linaloamua simu na barua zitakujia kwa lugha gani. Kama hukumbuki ulijaza nini, omba ofisini waangalie, na wabadilishe kama si sahihi.

Haki ya kupata habari muhimu za mtoto wako kwa lugha unayoielewa inatoka kwenye kifungu cha Title VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo inazibana shule zote zinazopokea pesa za serikali kuu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau v. Nichols iliyotoka San Francisco, iliamua kwamba kumkalisha mtoto darasani asikoelewa lugha bila kumsaidia ni kumnyima elimu. Machi 2025 rais alitoa agizo la kufanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi, na watu wengi wakadhani wakalimani wamefutwa. Agizo la rais halifuti sheria iliyopitishwa na Bunge. Endelea kuomba.

Omba mapema, siku kadhaa kabla ya kikao, kwa ujumbe mfupi ulioandikwa:

"Mimi ni mama wa mwanafunzi wa darasa la 3, na jina lake nimeliandika hapo juu. Naomba mkalimani wa Kiswahili kwa kikao cha tarehe 14 Novemba, 4:30 PM. Kiswahili changu ni cha Kongo. Naomba pia nakala ya ripoti ya maendeleo yake kabla ya siku hiyo. Tafadhali nijibu kwa barua pepe."

Kwenye ujumbe huo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, aina ya Kiswahili. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wanaweza kuelewana kwenye salamu, halafu wakapotezana wanapofika kwenye maneno ya elimu maalumu. Sema mapema. Pili, saa imeandikwa kwa namba za Kimarekani. Programu za simu ambazo shule hutumia kutuma ujumbe nyingi zina tafsiri ya mashine, na mashine haijui kwamba kwetu saa 8 ni mchana. Ukisoma "mkutano saa 8:00" usikisie, uliza ni asubuhi au jioni kwa hesabu ya huku.

Kama mkalimani hakupatikana, shule inaweza kumpigia mkalimani wa simu papo hapo, na wilaya nyingi tayari zina mikataba na kampuni za huduma hiyo. Asikuambie mtu kwamba mwanao wa darasa la 7 atatafsiri. Mtoto hawezi kutafsiri vizuri habari za utovu wake mwenyewe wa nidhamu, na hata akiweza, ni mzigo usiomhusu. Kwa barua pepe unaweza kuandika Kiswahili na kubandika chini yake tafsiri ya mashine. Jibu huja haraka zaidi.

Programu za kumfundisha mzazi, kulingana na umri wa mtoto

Hapa kuna vingi, na majina hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Badala ya kukariri majina, jua aina.

Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, ulio maarufu zaidi ni Head Start, mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1965. Ni bure kwa familia za kipato kidogo. Watu wengi wanaujua kama chekechea tu, lakini kila shirika linaloendesha vituo vyake linapaswa kuwa na baraza la sera, na wajumbe walio wengi kwenye baraza hilo ni wazazi wa watoto wanaosoma humo. Baraza hilo lina sauti kwenye bajeti na uajiri. Kwa mzazi mgeni, sijaona mahali pazuri zaidi pa kujifunzia namna vikao vya Kimarekani vinavyoendeshwa: nani anatoa hoja, nani anaunga mkono, kura inapigwaje.

Kuna pia Parents as Teachers, iliyoanzia Missouri mwaka 1981. Mtu aliyefunzwa anakuja nyumbani kwako, tangu ukiwa mjamzito hadi mtoto anakaribia kuanza shule, anakuonyesha michezo ya kumkuza akili, na anaangalia kama mtoto anasikia, anaona na anakua inavyotakiwa. Minnesota ina mfumo wake wa ECFE unaotolewa na wilaya zenyewe, ambako mzazi na mtoto huenda pamoja, wakacheza kwa muda, halafu wazazi wakatenganishwa kwenda kuzungumza malezi na mwalimu wao.

Mtoto akishaanza shule, tafuta chuo cha wazazi. Miami-Dade walianzisha wa kwao mwaka 2005, Boston mwaka 2009, na wilaya nyingi zina kitu cha namna hiyo kwa majina tofauti: masomo ya jioni au Jumamosi kuhusu hisabati ya siku hizi, usalama wa mtandaoni, maombi ya chuo kikuu, fomu ya msaada wa kifedha. Huko California kuna PIQE, iliyoanza San Diego mwaka 1987, ambayo huwafundisha wazazi, wengi wao wahamiaji, namna mfumo wa shule unavyofanya kazi hadi mtoto afike chuo. Wilaya nyingi pia hutoa madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, au zinajua chuo cha jamii kinachotoa bure.

Ushauri wangu: usichukue kozi tatu kwa pamoja. Chukua moja inayogusa tatizo lililopo nyumbani sasa hivi. Kama mtoto yuko darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, somo la namna alama na kredi za kuhitimu zinavyohesabiwa lina faida kuliko la malezi kwa ujumla, kwa sababu kredi alizofeli mwaka wa kwanza ndizo zitakazomrudisha nyuma mwaka wa nne.

Ziara ya mwalimu nyumbani nayo inastahili kusemwa, maana jina lake huwatisha watu. Programu ya Parent Teacher Home Visits ilianzia Sacramento mwaka 1998. Walimu huja wawili wawili, kwa hiari yako, na wanalipwa kwa muda huo. Kazi yao ya kwanza ni kukuuliza una matumaini gani na mtoto wako. Hawaji kukagua nyumba, na hawachagui watoto wenye matatizo tu. Wakiomba kuja, karibu chai. Kama hupendi waje nyumbani, mnaweza kukutana maktaba.

Kikao na mwalimu: dakika kumi na tano za kutumia vizuri

Kikao cha mzazi na mwalimu hufanyika mara moja au mbili kwa mwaka, na kwa kawaida ni dakika 10 hadi 20. Ukiwa na mkalimani, muda unagawanyika nusu kwa nusu. Omba muda mrefu zaidi.

Swali letu la asili, "amekuwa wa ngapi?", halina jibu huku. Shule za msingi hazipangi watoto kwa nafasi darasani. Tatizo ni kwamba mzazi asipopata namba aliyoizoea huondoka na maneno matamu: ni mtoto mzuri, ana bidii, tunampenda. Hayo mazuri, lakini hayakuambii kama anajua kusoma.

Uliza hivi: anasoma kwa kiwango cha darasa la ngapi? Kwenye hisabati, ni jambo gani moja hajaliweza ambalo wenzake wameliweza? Kisha omba kuona. Mwambie mwalimu akuwekee mezani insha moja ya mtoto wako, na kando yake insha iliyofikia kiwango cha darasa hilo, jina likiwa limefichwa. Ukiwa na karatasi mbili mbele yako, moja ina sentensi nne na nyingine ina aya tatu, huhitaji mkalimani sana. Uliza tena: nyumbani nifanye nini kwa dakika 20 kila jioni? Mwalimu mzuri atakupa kitu kimoja kinachofanyika. Akikuambia "msomeeni vitabu," na wewe husomi Kiingereza, mwambie hivyo. Kusoma au kusimulia kwa Kiswahili kunamjenga mtoto pia, na hakuna sheria inayosema muache lugha yenu.

Kwenye ripoti nyingi za shule za msingi alama ni 1 hadi 4, na 3 maana yake amefikia kiwango. Usimchape mtoto kwa 3. Kinyume chake, A ya darasa la Kiingereza cha wanaoanza haimaanishi yuko sawa na wenzake wa mwaka ule.

Kama mtoto wako yuko kwenye programu ya kujifunza Kiingereza, shule inapaswa kukuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, ikieleza kiwango chake na namna ya kutoka kwenye programu. Kila mwaka anapimwa. Majimbo mengi hutumia mtihani wa WIDA wenye alama za 1.0 hadi 6.0, na California, Texas na New York wana mitihani yao. Kila mwaka uliza alama ya mwaka jana, ya mwaka huu na ile inayotakiwa ili atoke. Mtoto aliyezaliwa Marekani na bado yumo humo darasa la 6 anahitaji mazungumzo mazito. Unaweza kukataa huduma hiyo kwa maandishi, lakini ataendelea kupimwa hadi afaulu, kwa hiyo fikiri kabla ya kukataa.

Mahudhurio nayo yana hesabu yake. Mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku za shule huhesabiwa mtoro sugu. Kwa mwaka wa siku 180, hizo ni siku 18 tu, yaani mbili kwa mwezi. Na hata siku zenye ruhusa, kama za ugonjwa au msiba, kwa kawaida zimo kwenye hesabu hiyo. Ukipanga safari ya kwenda nyumbani kuona wazee, ipange likizoni. Isipowezekana, ongea na ofisi kabla ya kukata tiketi, kwa sababu wilaya nyingine humwondoa kwenye orodha mtoto aliyekosa siku nyingi mfululizo.

Kuhusu ruhusa kazini, baadhi ya majimbo yana sheria. California humpa mfanyakazi wa kampuni yenye watu 25 au zaidi hadi saa 40 kwa mwaka kwa shughuli za shule ya mtoto, Minnesota saa 16, Illinois saa 8. Kwa kawaida hulipwi kwa saa hizo, lakini kazi haipotei.

Kuingia kwenye kamati

Kupika sambusa za maonyesho ya tamaduni ni kushiriki, na watoto hufurahi. Ila wapo wazazi ambao miaka mitano wanaitwa kwa sambusa tu. Nenda pia panapoamuliwa.

PTA, chama cha wazazi na walimu kilichoanzishwa mwaka 1897, kina ada ndogo ya mwaka na hukusanya michango, kuandaa matukio na kupaza sauti za wazazi. Shule nyingine zina PTO, isiyo chini ya chama hicho cha kitaifa. Si lazima uchangie pesa ili uhudhurie. Lakini maamuzi yenyewe mara nyingi yako kwenye kamati za kisheria, na hizi hutofautiana kwa jimbo.

Kentucky, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa kwenye shule za Louisville, sheria ya mwaka 1990 iliunda mabaraza ya shule yenye walimu 3, wazazi 2 na mkuu wa shule. Wazazi hao huchaguliwa na wazazi wenzao. Fikiria idadi ya kura zinazohitajika: uchaguzi wa namna hii watu hawajitokezi, na familia kumi na tano zilizokubaliana zinaweza kubadilisha matokeo. Chicago ina mabaraza ya shule tangu sheria ya 1988, yenye wazazi 6, na yana mamlaka ya kumchagua mkuu wa shule na kupitisha bajeti. Huhitaji kuwa raia ili kupiga kura wala kugombea. New York City, timu ya uongozi ya shule lazima iwe na wazazi na wafanyakazi kwa idadi sawa. California, shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza lazima iwe na kamati ya wazazi wao, inayoitwa ELAC, na wilaya yenye 51 au zaidi lazima iwe na DELAC.

Namna ya kuingia: pata jina la kamati ya shule yako, hudhuria kikao kimoja ukiwa kimya, omba ajenda na kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha uliza uchaguzi ni lini na fomu inapatikana wapi. Nenda na mzazi mwingine anayezungumza lugha yako. Ukiwa peke yako utachoka, na ukikosa kikao kimoja mambo yenu hayatasemwa.

Kujitolea darasani au kusindikiza safari za shule kunahitaji kuchunguzwa rekodi, na kwingine alama za vidole. Uliza mapema vitambulisho gani vinakubalika, kwa sababu wilaya nyingine hupokea pasipoti ya nchi yako. Kama una hofu kuhusu karatasi za uhamiaji, zungumza kwanza na mwanasheria au shirika la wahamiaji kabla ya kutoa alama za vidole. Mtoto kusoma ni jambo jingine kabisa: tangu kesi ya Plyler v. Doe ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji.

Mtoto akihitaji elimu maalumu

Ukiona mtoto anachelewa kusema, kusoma au kutulia kupita wenzake, huna haja ya kusubiri shule ndiyo ichukue hatua ya kwanza. Andika barua yenye tarehe, sema unaomba apimwe kwa elimu maalumu, na ubaki na nakala. Ukishasaini idhini, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inatoa siku 60 za kukamilisha upimaji, isipokuwa jimbo liwe na muda wake. Akistahili, mtakaa kuandika mpango wake binafsi, IEP, na wewe ni mjumbe kamili wa meza ile. Shule inapaswa kuhakikisha unaelewa kinachoendelea, pamoja na kukupa mkalimani. Unaweza kuja na mtu anayemjua mtoto. Usisaini pale pale kama hujaelewa. Sema utaondoka nao ukausome.

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo ya wazazi kinacholipiwa na serikali kuu, kinachosaidia bure familia za watoto wenye ulemavu. Hiki kitafute mapema, kwa sababu hakiko chini ya wilaya na hakina sababu ya kuilinda.

Kusimama mbele ya bodi

Vikao vya bodi viko wazi kwa umma, na karibu kila bodi hutenga muda wa wananchi kusema, mara nyingi dakika 2 au 3 kwa mtu. Jiandikishe mapema kwa kufuata maelekezo kwenye ajenda, na uombe mkalimani. California sheria inampa anayetumia mkalimani muda mara mbili, isipokuwa tafsiri iwe ya papo kwa papo.

Dakika mbili ni fupi kuliko unavyodhani. Acha salamu ndefu na shukrani za uongozi. Sema wewe ni mzazi wa shule ipi, tatizo moja, mfano mmoja, ombi moja. "Watoto 6 wa jengo letu wanasubiri basi saa 12 asubuhi kwenye barabara isiyo na taa. Naomba kituo kihamishiwe mbele ya jengo kabla ya Desemba." Bodi kwa kawaida haijibu hapo hapo, na wengine wataonekana wanaangalia kompyuta. Usikate tamaa kwa hilo. Kesho yake tuma maneno yale yale kwa barua pepe kwa msimamizi mkuu.

Mambo yakikwama

Weka daftari moja: tarehe, jina la uliyezungumza naye, alichosema. Baada ya kila mazungumzo ya ana kwa ana tuma ujumbe mfupi, "Leo tumekubaliana kwamba..." Sheria ya FERPA ya 1974 inakupa haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wako ndani ya siku 45 tangu uombe, na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Mara nyingi kuomba faili tu hufanya watu wakupigie simu.

Panda ngazi moja moja: mwalimu, mkuu wa shule, ofisi husika wilayani, msimamizi mkuu, kisha jimbo. Kwa elimu maalumu, malalamiko kwa jimbo yanapaswa kuhusu jambo lililotokea ndani ya mwaka mmoja, na jimbo lina siku 60 za kutoa uamuzi. Kwa ubaguzi wa rangi, asili ya taifa au ulemavu, pamoja na kunyimwa mkalimani, kuna Ofisi ya Haki za Kiraia ya Idara ya Elimu ya Marekani. Ofisi hiyo ilifunga vituo 7 kati ya 12 vya mikoa mwaka 2025, kwa hiyo peleka malalamiko yako na huku ukiendelea kusukuma jimboni. Muda wa kuyapeleka ni siku 180, na unahesabu kuanzia siku jambo lilipotokea, si siku shule ilipokujibu.